Kinga ya rangi porini: PPF, shiti za sumaku, Raptor na nyaya za matawi

Gari likitoka kiwandani, vanishi inayolipa mng'ao ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ukijumlisha rangi yote, kuanzia praima iliyoshika bati mpaka juu kabisa, unapata mikroni 100 hadi 150. Karatasi moja ya fotokopi ni kama mikroni 100. Kwa hiyo kati ya mwiba wa mgunga na bati la Hilux yako hakuna zaidi ya karatasi moja na nusu, na mng'ao wote umelala kwenye theluthi ya juu. Kinga yoyote unayouziwa dukani hukupa kimoja kati ya viwili: unene wa kuongezea hapo, au utelezi wa kulifanya tawi lipite bila kung'ang'ania. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hilo: unanipa kipi, na kiasi gani?

Tathmini hii inapima kinga hizo kwa kazi moja tu, nayo ni matawi na miiba inayokwangua bodi kwenye njia nyembamba. Kokoto za barabara ya lami, jua na chumvi ya pwani ni mambo mengine. Bidhaa inayofanya vizuri huko inaweza kukuangusha vibaya kwenye kichaka.

Miiba yenyewe, na inapogusa

Miiba haifanani, na kinga inayozuia mmoja hushindwa na mwingine. Kikwata ana miiba mifupi iliyopinda kama ndoano, jozi jozi kwenye tawi. Hauchomi bodi sana. Unadaka ukingo na kuvuta, kwa hiyo ndio adui mkubwa wa chochote kilichobandikwa. Mjunju una miiba mirefu, iliyonyooka, migumu, na ncha yake huchora mstari mmoja mrefu kutoka madigadi hadi taa ya nyuma. Mkulagembe anajulikana na kila fundi wa matairi: vitawi vyake vifupi huishia kwenye ncha ngumu kama msumari, na kinachotoboa tairi hakiwezi kuionea huruma vanishi. Nchini Kenya, kuanzia Turkana na Baringo mpaka Tana River, kuna mathenge, unaosonga njia pande zote mbili na kurudisha matawi yake kwa nguvu baada ya kusukumwa.

Hata tawi lisilo na mwiba hukwangua kama bodi ina vumbi. Jani linasugua chembe za mchanga juu ya vanishi na kuacha mikwaruzo myembamba isiyohesabika, ile inayoonekana kama utando wa buibui ukiwasha taa ya simu karibu na mlango. Kuosha gari kabla ya kuingia porini kunaonekana kama kazi ya bure, lakini ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote zilizotajwa hapa.

Angalia sasa mahali mikwaruzo inapokaa. Kwenye gari lililopita njia nyembamba, boneti huwa karibu safi. Michoro inaanza nyuma ya taa ya mbele, inapanda madigadi, inapita milango yote miwili kwenye kimo cha kitasa, kisha inazidi kabisa kwenye ubavu wa nyuma juu ya tairi. Sababu ni mbili. Dereva huongoza pua ya gari, kwa hiyo pua hukwepa. Halafu tawi lililosukumwa na bampa hurudi kama fimbo na kutua mlangoni. Gari likikata kona, matairi ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, na ubavu wa nyuma unaingia kichakani pale ambapo wa mbele ulipita salama. Kwenye pikapu ndefu ya kabini mbili tofauti hiyo ni kubwa zaidi.

Jambo hili ndilo litakalokuokolea pesa nyingi kuliko mengine. Maduka mengi huuza kifurushi cha "mbele nzima": boneti, bampa, madigadi ya mbele, vioo vya pembeni na taa. Kifurushi hicho kilipangwa kwa ajili ya kokoto za barabara kuu. Ukikinunua kwa safari za Mkomazi au Tsavo, umelipia mahali ambapo mwiba haufiki na umeacha wazi mahali unapofika. Gari la porini linahitaji ubavu kwanza, na boneti baadaye pesa zikibaki.

PPF: nzuri, ikiwekwa pembeni na ikikunjwa

PPF ni plastiki angavu ya poliuritani, kwa kawaida ya mikroni 150 hadi 200, yenye gundi chini na tabaka jembamba juu linalojiponya likipata joto. Ilianzia kwa kampuni ya 3M ya Marekani enzi za vita vya Vietnam, kulinda mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga na takataka zinazorushwa. Tabia yake ya leo bado ni ile ile: iliumbwa kwa kitu kinachogonga na kuondoka. Mwiba haugongi. Unaburuta.

Hata hivyo PPF ya mikroni 200 inafanya kazi vizuri kuliko inavyotarajiwa. Mwiba unaopita kwa mshazari, gari likitembea polepole, hubonyeza plastiki na kuacha mfuo mweupe. Gari likikaa saa moja juani Dodoma, au ukimwagia maji ya moto ambayo hayajachemka, mfuo huo hufifia na mara nyingi kupotea kabisa. Mwiba ukiingia wima, au tawi kavu lililovunjika likabaki na ncha, plastiki hukatwa. Mkato haujiponyi, hata ukilaza gari juani wiki nzima, na muuzaji anayesema kinyume anachanganya mfuo na mkato. Faida iliyobaki ni kwamba mara nyingi plastiki imekatwa na rangi chini yake haikuguswa. Unabandua kipande cha mlango mmoja na kuweka kingine.

XPEL Ultimate Plus ya kawaida ina unene wa mikroni 200 na dhamana ya miaka 10. Ipo pia Ultimate Plus 10 yenye mikroni 250, na kwa miiba hizo 50 za ziada zina maana kubwa kuliko jina lolote la kampuni. Soma dhamana mpaka mwisho: inazungumzia plastiki kugeuka manjano, kupasuka au kuachia yenyewe. Mkato wa mwiba haumo, na haikutegemewa uwemo.

Udhaifu mkubwa wa PPF porini ni ukingo. Vipande vingi hukatwa na mashine kwa vipimo vya kompyuta, na huishia milimita moja au mbili kabla ya mwisho wa mlango. Mjini hakuna atakayegundua. Porini, kwenye huo mstari mwembamba vumbi linaingia, gundi inageuka nyeusi, na siku kikwata akipita ndoano yake inapata pa kushika. Dai kipande kikatwe kikubwa zaidi, kama milimita 5 kila upande, kikunjwe kwa ndani ya mlango na ndani ya upinde wa tairi. Mahali ambapo hakuna pa kukunja, kwa mfano plastiki inapoishia katikati ya ubavu, ukingo unaotazama mbele usiachwe wazi. Uanzishe kwenye mwanya wa mlango au nyuma ya plastiki ya tairi.

Kiasi? Roli la kawaida lina upana wa mita 1.52. Pikapu ya kabini mbili ina urefu wa mita 5.3 hivi. Ukipasua roli katikati unapata mikanda miwili ya sentimita 76, kila mmoja kwa ubavu mmoja. Kwa hiyo mita 6 za roli zinatosha mbavu zote mbili kuanzia chini ya kioo hadi karibu na kizingiti cha mlango, pamoja na ziada ya kukunja. Pima gari lako kwanza, maana mifumo ya milango inatofautiana. Lakini ukiambiwa kazi ya mbavu peke yake inahitaji roli zima la mita 15, uliza zile 9 zinaenda wapi.

Kuna bidhaa za bei ya chini zinazoitwa PPF lakini ni PVC. Zinakauka, zinageuka manjano, na baada ya jua la miaka michache hubanduka vipande vidogo vidogo kama ganda la kitunguu. Omba kipande cha chakavu cha upana wa vidole viwili, kivute mpaka kirefuke kwa nusu yake, kisha kiachie. Poliuritani inarudi taratibu hadi urefu wake. PVC inabaki imelegea, na pale ulipoivuta inakuwa na weupe.

Ubandikaji wenyewe hauna siri, unataka uvumilivu. Gari linaoshwa, linapitishwa udongo wa kusafishia rangi ili kutoa chembe zilizong'ang'ania, kisha linafutwa kwa spiriti ya aizopropili. Sakafu inamwagiwa maji vumbi litulie. Plastiki inatelezeshwa kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, inapangwa mahali pake, halafu pembe zinashikizwa kwa maji yaliyochanganywa na spiriti na maji yanasukumwa nje kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Vijipovu vya maji vikibaki usivitoboe, vitakauka vyenyewe ndani ya wiki kadhaa. Chembe ya vumbi iliyonaswa haitoki, na ndiyo sababu karakana ya wazi kando ya barabara ya vumbi si mahali pa kazi hii hata fundi awe hodari namna gani. Usioshe gari kwa siku mbili za mwanzo, na mashine ya maji ya shinikizo isubiri wiki. Hata baada ya hapo, mpuli wa maji usielekezwe kwenye ukingo.

Kabla ya yote, jua kama gari lako limewahi kupigwa rangi. Magari mengi yaliyotumika huwa yamepita kwa fundi rangi mahali fulani. Gundi ya PPF inashika kuliko rangi ya gereji inavyoshika praima, na siku ya kubandua rangi itaondoka nayo kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Kipimo cha unene wa rangi kinatoa jibu kwa dakika tano: mikroni 90 hadi 150 ni ya kiwandani, zaidi ya 200 imepigwa mara ya pili, zaidi ya 500 kuna puti chini. Rangi mpya iliyokaushwa kwa hewa iachwe siku 60 au zaidi kabla ya kufunikwa na chochote, kwa sababu bado inatoa tina.

Shiti za sumaku: kwa wanaokwenda porini mara chache

Hizi ni shiti za mpira wenye sumaku, zile zile zinazotengenezwa kuwa vibao vya matangazo mlangoni, zikikatwa kwa umbo la milango na madigadi. Unazibandika unapofika kwenye njia, unazitoa ukirudi. Unene wake ni milimita 0.75 hadi 0.85, yaani kama mara nne ya PPF ya mikroni 200. Kwa mwiba wa mjunju, hakuna kinga ya kubandika iliyo bora kuliko hii. Ncha inachora plastiki ya juu na bati halijui kilichotokea.

Lakini hakikisha kwanza gari lako linashika sumaku. Land Rover Defender ya zamani ina mabamba ya alumini karibu mwili mzima, na mpya ya kuanzia 2020 vivyo hivyo. Ford F-150 ni alumini tangu toleo la 2015. Land Cruiser 300 ina boneti, paa na milango ya alumini, kwa hiyo mmiliki wake asitume hata oda. Hilux na Land Cruiser 70 ni chuma, na mbavu zilizonyooka za 70 ni kama zilitengenezwa kwa kazi hii. Bampa za plastiki, plastiki za matao ya tairi na kanopi ya faiba hazishiki kwenye gari lolote. Mahali palipojazwa puti nene pia shiti hulegea, jambo ambalo angalau linakwambia historia ya gari.

Adui wa shiti ya sumaku ni vumbi chini yake. Chukua shiti iliyokaa nusu siku kwenye njia ya Ziwa Natron, ibandue taratibu, tazama upande wa chini: kuna unga wa kijivu uliokusanyika kama mkanda kwenye ukingo wa mbele, na mstari mwembamba unaoingia ndani kila mahali shiti ilipoachana na bati hata kwa unene wa ukucha. Gari lilipokuwa likitikisika, unga ule ulikuwa msasa. Watu wanaolalamika kwamba shiti zimewaharibia rangi karibu wote walizibandika juu ya bodi chafu, au waliziacha siku kadhaa bila kuzitoa.

Namna sahihi ni hii. Osha bodi kwa maji na sabuni, ifute ikauke kabisa. Osha na shiti, pande zote mbili. Ibandike bodi ikiwa ya baridi au ya vuguvugu, si baada ya kuegesha saa sita mchana. Usiiburute kuitafutia mahali: inyanyue, iweke upya. Isipite juu ya mwanya wa mlango, iishie sentimita moja kabla ya ukingo. Kona zote zikatwe mviringo, kwa sababu kona kali hunyanyuka na ndipo kikwata huanzia. Kwenye mlango wenye mkunjo mkali, kama Hilux za kuanzia 2015, shiti moja kubwa huachia katikati na kuacha handaki la vumbi. Ipasue kwenye mstari wa mkunjo iwe mikanda miwili. Ukingo unaotazama mbele uzibwe kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, yenye upana wa sentimita 4 hivi, nusu juu ya shiti na nusu juu ya bodi. Tepu ya nguo ya fedha inaacha gundi inayohitaji petroli kutoka, usiitumie.

Jioni toa zote, pangusa, acha rangi ipumue usiku. Kwenye lami zitoe kabla ya kuongeza mwendo, upepo ukipata kona moja utaondoka na shiti nzima na aliye nyuma yako ndiye atakayeipokea. Zihifadhi zikiwa bapa au zimekunjwa kama mkeka, upande usio na sumaku ukiwa nje, na zisigusane sumaku kwa sumaku.

Uzito nao uhesabiwe. Mita moja ya mraba ina karibu kilo 3, na mbavu mbili za pikapu zikifika mita 6 za mraba ni kilo 18 za kubeba. Kwa familia inayokwenda porini mara tatu au nne kwa mwaka ni bei ndogo ya kulipa. Kwa gari la watalii linaloamka kila siku saa kumi na moja alfajiri, hakuna dereva atakayeosha na kubandika shiti nane kabla ya chai, na tusidanganyane.

Raptor: kwa sehemu usizotaka kuzitazama tena

Raptor ya U-POL ni rangi nzito ya poliuritani ya sehemu mbili, ile yenye uso wa chembechembe inayopigwa kwenye sanduku la pikapu. Chupa ina mililita 750, unaongeza mililita 250 za hadina (dawa ya kuigandisha), unapata lita moja. Kifurushi cha kawaida ni chupa nne. Ikikauka ni ngumu, nene, na mwiba unaacha mstari wa kijivu tu juu yake.

Tatizo ni kwamba ni ndoa. PPF inabanduliwa, shiti inatolewa, Raptor inatoka kwa msasa na machozi. Uso wake wenye chembe hushika tope, na kuiosha vizuri kunahitaji brashi. Mnunuzi wa baadaye atajiuliza unaficha nini. Kwa hiyo mahali pake panapostahili ni vizingiti vya milango, sentimita 25 hadi 30 za chini ya bodi, matao ya tairi na bampa la chuma. Huko miiba na kokoto hupiga pamoja, na hakuna anayetarajia mng'ao. Gari zima la Raptor linafaa kama gari ni la kazi na utalimaliza mwenyewe.

Ikibanduka, kosa karibu kila mara ni la maandalizi. Rangi ya chini isiposuguliwa mpaka ipoteze mng'ao wote, kwa msasa wa P180 hadi P320, Raptor inakaa juu yake kama uji mkavu kwenye sufuria na kutoka kwa mapande. Nta au silikoni ya kung'arishia ikibaki, utaona vishimo vya duara kama macho ya samaki rangi ikiwa bado mbichi. Futa kwa kiondoa mafuta kabla ya kusugua na tena baada ya kusugua, kwa sababu msasa husukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Pale bati lilipoonekana, praima kwanza. Piga matabaka mawili, ukiacha saa moja katikati. Shinikizo kubwa na umbali mkubwa hutoa chembe ndogo. Ukikaribia na kupunguza hewa unapata chembe kubwa, kwa hiyo jaribu kwenye boksi kabla ya kugusa gari. Tepu ya karatasi uitoe rangi ingali mbichi. Ukisubiri ikauke, ukingo utapasuka na hapo ndipo itakapoanza kuachia. Gari lisirudi porini kabla ya wiki kwisha.

Hadina ya rangi za aina hii ina isosayaneti, inayoharibu mapafu. Kitambaa puani hakizuii chochote. Barakoa iwe ya kuletewa hewa safi kwa bomba, kazi ifanyike mahali pa hewa, na watoto wakae mbali.

Vitu vitatu vinavyouzwa kwa kazi hii na haviiwezi

Keramiki, kimiminika kinachopakwa juu ya vanishi na kukauka, ina unene wa mikroni moja au mbili. Ile "9H" kwenye chupa ni kipimo cha ugumu kinachofanywa kwa penseli, wala haina uhusiano na ugumu wa mawe. Inasaidia tope na utomvu kutoka kwa urahisi, na hilo si dogo: maziwa ya mnyaa uliopandwa kama ua kando ya njia za vijijini yakikaukia kwenye rangi yanasumbua sana. Ila mwiba hauioni. Ukiwa na PPF, keramiki juu yake huongeza utelezi na ni matumizi mazuri. Peke yake, ni pesa ya kuoshea gari.

Stika ya kufunika gari ina mikroni 80 hadi 100. Inakwanguliwa yenyewe badala ya rangi, ndiyo, lakini haijiponyi, na kila mstari unaonekana. Rangi ya mpira inayobanduliwa ni dhaifu zaidi. Kikwata akipata mwanzo anaichana kama karatasi, na petroli ikimwagika wakati wa kujaza inayeyuka.

Nyaya za matawi

Ni nyaya mbili za chuma kisichoshika kutu, za milimita 3 au 4, kutoka kona za bampa la chuma hadi kona za mbele za keria. Tawi linapanda kwenye waya na kupita juu ya paa badala ya kupiga kioo, snokeli (bomba refu la hewa ya injini) na nguzo za kioo cha mbele. Kwa matawi ya kimo cha kifua kwenda juu zinafanya kazi vizuri sana. Kwa milango hazifanyi lolote, na anayezifunga akidhani amemaliza atashangaa.

Kosa la kawaida ni kuzikaza kama nyuzi za gitaa. Bampa limefungwa kwenye chesesi, keria iko kwenye kabini, na porini hivyo viwili havitembei pamoja. Waya uliokazwa sana utang'oa kifungo cha keria au kukunja bomba. Weka springi fupi upande mmoja, na skrubu ya kukazia upande wa pili, ukaze mpaka waya uache kuning'inia tu. Utazame kila baada ya safari: uzi mmoja uliokatika hupiga rangi kuliko tawi lililozuiwa.

Kuhusu panga la kusafishia njia: litumike kwenye njia za vijijini na mashambani kwa ruhusa ya wenyewe. Ndani ya hifadhi za taifa, kukata miti na kutoka nje ya barabara ni marufuku.

Mkwaruzo ukishapita

Mwagia maji. Ukitoweka ukiwa umelowa, uko kwenye vanishi. Pitisha ukucha kwa kukatisha. Ukikwama, umepita vanishi, na hakuna pulishi itakayouondoa bila kumaliza vanishi ya jirani. Huo unajazwa kwa rangi ya kugusia, kwa kijiti cha meno, tone kwa tone.

Ule mwepesi unaanza na kompaundi, si msasa. Ikishindikana, msasa wa maji wa P2000, kisha P3000, mahali padogo, halafu kompaundi na pulishi. Kila mara unapofanya hivyo unakula vanishi ambayo hairudi. Mlango unaosuguliwa kila baada ya msimu wa safari utabaki bila vanishi baada ya mara chache, utapauka, kisha utamenyeka kuanzia kwenye mikunjo, mahali ambapo vanishi huwa nyembamba tangu mwanzo.

Angalia pia kama gari lina vanishi kabisa. Nyeupe za kazi za Toyota, kama ile ya namba 040, ni rangi ya tabaka moja. Sugua kidogo kwa kompaundi ukitumia kitambaa cheusi: kikitoka na weupe, unasugua rangi yenyewe. Kwenye gari la namna hiyo mikwaruzo midogo haionekani kwa mbali na rangi iking'arishwa inarudi vizuri, kwa hiyo weka PPF kwenye ubavu wa nyuma peke yake, Raptor kwenye vizingiti, na pesa zinazobaki zinunulie matairi.